Kigari cha ubavuni kwenye pikipiki: yajue haya kabla hujamwendea fundi

Ukipita soko la Kongowea alfajiri utaona pikipiki zimefungwa mizigo ya kila aina: magunia ya nazi, makreti ya samaki, mitungi ya gesi, mbao. Mzigo ukizidi, dereva husogea mbele hadi akakalia tangi la mafuta. Ndipo mtu hujiuliza: mbona nisiunge kigari ubavuni? Tuktuk ni ghali, na pikipiki tayari ninayo.

Fikra hiyo si mbaya wala si ngeni. Nchini Thailand wauza vyakula huzungusha majiko yao mitaani kwenye vigari vilivyoungwa na pikipiki ndogo. Kule Ufilipino, kigari cha aina hiyo ndicho teksi ya mitaani. Na hapa Afrika, Malawi imewahi kutumia pikipiki zenye vigari kuwapeleka wajawazito hospitalini kutoka vijijini. Pikipiki ya 125cc au 150cc kama hizi zetu inaweza kuifanya kazi hii.

Tatizo ni pale tunapodhani kwamba kuunga kigari ni kazi ya kuchomea vyuma tu. Tukumbuke pia ni nani atakayepanda humo. Mara nyingi ni yule asiyeweza kukaa nyuma ya pikipiki: mzee, mlemavu, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga. Hawa ndio wasioweza kuruka mambo yakiharibika. Kwa hiyo mwenye pikipiki anapaswa kuyajua mambo haya yeye mwenyewe, asimwachie fundi peke yake.

Upande wa kushoto

Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo kigari hukaa kushoto. Abiria hushukia kando, na dereva anabaki upande wa katikati ya barabara anakoona mbele vizuri anapotaka kulipita gari jingine. Ukiona kigari cha kale kutoka Ujerumani au Urusi kimeungwa kulia, ni kwa sababu kwao wanaendesha kulia. Ukikinunua hicho na kukifunga kama kilivyo, abiria wako atakuwa anashukia katikati ya magari.

Kanyagio la giya liko mguu wa kushoto. Hakikisha vyuma vya kuungia vinauachia mguu wako nafasi ya kulikanyaga bila kujikunja.

Hiyo si pikipiki tena

Pikipiki ya kawaida huinama kwenye kona. Mwendo ukishakolea, mikono yako husukuma hendeli ya upande unaokwenda, chombo kikalala, kona ikakatika. Umezoea hata huhisi unafanya hivyo. Ukishaunga kigari, chombo hakiwezi kulala tena. Sasa unageuza usukani kama wa tuktuk: ukitaka kushoto, unauelekeza kushoto. Dereva wa miaka kumi akitumia mazoea yake ya zamani atajikuta anakwenda upande asioutaka. Kwa hiyo dereva mzoefu wa bodaboda naye ni mwanafunzi hapa.

Kuna mambo mengine manne ya kuzoea.

Ukitia mafuta, kigari hubaki nyuma kidogo kwa uzito wake, na chombo huvuta kushoto. Ukiachia mafuta au ukishika breki, kigari hutaka kuendelea mbele, na chombo husukumwa kulia, yaani kuelekea magari yanayokuja.

Ukikata kona ya kushoto kwa kasi, uzito hutupwa kulia na gurudumu la kigari huinuka. Kigari kikiwa kitupu huinuka upesi zaidi.

Ukikata kona ya kulia kwa kasi huku umeshika breki, uzito wote huangukia pua ya kigari, na gurudumu la nyuma la pikipiki linaweza kuinuka. Hii hutokea mara chache, lakini ikitokea chombo hupinduka juu ya abiria.

La nne ni mguu. Dereva wa bodaboda amezoea kushusha mguu anaposimama. Ukiushusha wa kushoto, unauweka mbele ya vyuma vya kigari. Chombo kikisogea, mguu umenaswa. Magurudumu matatu hayaanguki yakisimama, basi acha miguu juu.

Waliowahi kutazama mashindano ya mashua Lamu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Upepo ukizidi, mabaharia hutoka ubavuni juu ya ubao ili uzito wao urudishe mizani. Kigari nacho kinataka uzito uwe mahali pake kwa wakati wake.

Vipimo vya kumuuliza fundi

Kipimo cha kwanza ni gurudumu la kigari lielekee wapi. Halitakiwi kuwa sambamba kabisa na pikipiki. Linatakiwa liiangalie pikipiki kidogo. Laza mbao mbili zilizonyooka ardhini, moja imegusa magurudumu ya pikipiki, nyingine imegusa la kigari. Nafasi kati ya mbao hizo mbele iwe ndogo kuliko ya nyuma kwa sentimita 1 hadi 2. Isipokuwa hivyo chombo kitavuta kushoto siku nzima na mikono itachoka. Ikizidi, tairi litalika upesi.

Cha pili, pikipiki yenyewe isimame wima, au iegemee kulia kidogo, digrii 1 au 2, mbali na kigari. Barabara zetu huteremka pembeni ili maji ya mvua yatoke, na mteremko huo huvuta chombo kushoto. Kuegemea kulia husawazisha. Pima ukiwa umeketi juu yake, maana springi hushuka mtu akikaa.

Cha tatu, ekseli ya kigari isiwe sawa na ekseli ya nyuma ya pikipiki. Iwe mbele yake kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya urefu ulioko kati ya magurudumu mawili ya pikipiki, au zaidi kidogo. Kwa hizi pikipiki zetu hiyo ni kama sentimita 12 hadi 20. Ikikaa nyuma mno, chombo kitapenda kupindukia pua kwenye kona za kulia. Ikikaa mbele mno, usukani unakuwa mzito.

Cha nne ni viungo. Kigari kishikwe mahali pane: pawili chini, pawili juu. Mahali pawili hapatoshi, na patatu ni kubahatisha. Na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanachomea vyuma moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki. Bomba la fremu ni jembamba, na moto wa kuchomea hulidhoofisha pembeni ya pale palipochomewa. Afadhali itengenezwe fremu ndogo ya pili, ifungwe kwa vibano na bolti nene, ili iweze kukaguliwa na kufunguliwa.

Sisi wa mwambao tuna adui wa ziada, nao ni chumvi. Hewa ya bahari hula chuma kutoka ndani ya bomba, ambako rangi haifiki. Ziba ncha za mabomba, paka rangi ya kuzuia kutu, na kila wiki pitisha spana kwenye nati zote.

Nguvu na breki

Injini ya 150cc itavuta, lakini haitakimbia. Mafundi hubadilisha sproketi, ama ya mbele ipunguzwe jino ama ya nyuma iongezwe meno, ili chombo kipate nguvu ya kuondoka na kilachi kisiungue. Mteremko wa kutokea feri ya Likoni utakuonyesha upesi kama umebadilisha au hukubadilisha. Springi za nyuma nazo zitake kuwa ngumu zaidi.

Breki ndiyo ya kuulizwa kwanza. Uzito umeongezeka, breki ni zile zile. Kigari kinachobeba watu kiwe na breki yake kwenye gurudumu lake. Hiyo pia hupunguza kule kusukumwa kulia. Kisipokuwa nayo, kibebe mizigo, kwa mwendo wa pole.

Kujifunza

Tafuta uwanja mtupu, mpana, bila watoto. Weka mfuko wa mchanga wa kilo 30 hadi 50 kigarini, uufunge usihame. Anza na giya ya kwanza: kuondoka, kusimama, kuondoka, kusimama, mpaka mikono izoee kuvutwa kushoto na kusukumwa kulia. Kisha zunguka miduara ya kulia, halafu ya kushoto, mwendo ukiongezeka kidogo kidogo mpaka gurudumu la kigari linyanyuke kidogo. Likinyanyuka usibane breki kwa hofu. Achia mafuta polepole na unyooshe usukani, litashuka. Bora ulijue jambo hilo uwanjani kuliko kwenye kona ya Mtwapa.

Rudia mazoezi hayo siku kadhaa. Punguza mchanga, kisha uondoe. Abiria awe wa mwisho kabisa.

Karatasi

Kubadilisha umbo la chombo si siri yako na fundi. Nenda ofisi ya NTSA uulize kabla ya kutoa hata shilingi moja, maana chombo kinachotofautiana na kilivyosajiliwa kina matatizo barabarani. Mweleze mwenye bima pia, kwa maandishi. Ajali ikitokea na yeye hajui kuhusu kigari, fidia ya abiria ndiyo itakayokuwa mashakani. Sheria inamruhusu dereva wa pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Usidhani kigari kimekuongezea viti kabla hujaambiwa hivyo na wenye mamlaka. Helmeti ni ya dereva na ya abiria, hata aliyeketi kigarini.

Ukikuta gharama za breki, viungo vinne na karatasi zinakaribia bei ya tuktuk iliyotumika, piga hesabu upya bila aibu. Na kama ni mizigo tu unayobeba, kigari cha wazi chenye ubao mpana, bila abiria, kitakulisha vizuri na kukupunguzia nusu ya maswali haya.