Je, Wajua? Uchungu Usiokawia Ulimini

Je, wajua kuna chai ambayo mwonjaji wake hashtuki akiikuta chungu? Anaimeza, ananyamaza, anasubiri. Ni chai mbichi ya Pu'er, kutoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, na anachosubiri ni kuona uchungu ule utaondoka lini na utaacha nini.

Chai ikiwa njema, uchungu unatoweka hata kikombe hakijarudi mezani. Mate yanajaa mdomoni, kisha kooni unapanda utamu ambao wakati wa kunywa haukuwepo. Wachina wanauita huigan, utamu unaorudi. Aliyezoea kahawa chungu ya barazani anajua raha ya kuifuatishia kashata au kipande cha halua. Hapa hakuna kashata, utamu unatoka kwenye koo lako mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu hasa ya kuihangaikia chai hii.

Je, wajua ukakasi si ladha? Ni mguso. Kemikali za jani la chai, jamaa za tanini, hukamata protini zinazofanya mate yateleze, na ulimi ukabaki unakwaruza kama umetafuna ndizi mbichi au bibo lisiloiva. Na tazama lugha yetu ilivyoona mbali: mkandaa, jina ambalo wengi huipa chai isiyo na maziwa, ni jina la mti wa mikoko ambao gome lake lina tanini nyingi, na limetumika kutengenezea ngozi. Tanini ya gome hushika protini za ngozi ya mnyama, na ile ya chai hushika protini za mate.

Ndiyo maana mwonjaji makini hachanganyi uchungu na ukakasi. Uchungu unaoyeyuka anausamehe, pengine anaupenda. Ukakasi unaong'ang'ania mashavuni dakika nzima baada ya kumeza, bila mate kurudi, unaishusha chai mbele yake.

Je, wajua "mbichi" hapa haina maana kwamba jani halijapita motoni? Majani huchumwa, huachwa yanyauke kidogo, kisha hukaangwa kwenye karai kubwa ili vimeng'enya vinavyolifanya jani liwe jekundu vidhoofike. Baadaye yanasokotwa na kuanikwa juani. Jua ndilo linaloitofautisha na chai ya kijani ya kawaida, ambayo hukaushwa kwa joto kali. Jani lililoanikwa halikufishwa kabisa, linaendelea kubadilika polepole kwa miaka. Pu'er "iliyoiva" ni chai nyingine: hulundikwa, hunyunyiziwa maji na kuachwa ichachuke kwa wiki kadhaa, mbinu iliyokamilishwa katika miaka ya 1970.

Chai hii hushindiliwa kuwa mikate, na mkate mmoja wa kawaida una gramu 357. Mikate 7 hufungwa pamoja kwa maganda ya mwanzi, na uzito wake unakaribia kilo 2.5.

Je, wajua harufu nzuri kupita kiasi inaweza kuwa onyo? Jani likikaangwa kwa moto mkali mno, au likakaushwa kwenye tanuri badala ya jua, chai yake changa hunukia vizuri ajabu, maji yake yakawa na rangi ya kijani ing'aayo, na mnunuzi mgeni akatoa pesa haraka. Lakini hebu imeze. Maji ni mepesi, kooni hakuna kinachorudi, na ukiyamiminia majani maji mara ya tano imekwisha. Chai kama hiyo inafaa kunywewa mwaka huohuo. Anayeiweka miaka 10 akitumaini itakuwa bora anajidanganya.

Moshi nao? Harufu ya kuni iliyoingia kutoka jikoni mara nyingi hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Vipande vyeusi vinavyoelea kikombeni ni jambo jingine: jani liliungua karaini, na ladha hiyo ya kuungua haiondoki.

Na usiutafute uchungu nyuma ya ulimi tu: ile ramani ya shuleni inayogawa ulimi, utamu mbele na uchungu nyuma, si sahihi. Ladha zote huhisiwa karibu ulimi mzima.

Je, wajua waonjaji hufyonza chai kwa kelele makusudi? Hewa inayoingia pamoja na maji huyatawanya mdomoni na kuipeleka harufu puani kwa njia ya nyuma ya koo. Bibi aliyekukanya usifanye hivyo mezani alikuwa anakufundisha adabu. Mezani pa waonjaji, adabu ni hiyo kelele.

Je, wajua kuna vipimo viwili, na kila kimoja kinafichua jambo lake? Kipimo cha ukaguzi ni gramu 1 kwa kila mililita 50 za maji yanayochemka, na majani huachwa humo dakika kadhaa. Ni kipimo kikali, kinachotoa kila kasoro hadharani. Kiwango cha kimataifa kilichotolewa kwanza mwaka 1980, ISO 3103, kinatumia uwiano huohuo kwa dakika 6. Kipimo cha pili ni cha subira. Weka majani gramu 7 hivi kwenye bakuli dogo la mililita 100 lenye kifuniko, yamwagie maji ya moto na kuyamwaga mara moja ili majani yaamke, kisha mimina tena na tena kwa sekunde chache chache. Chai njema hufika mmimino wa 10 ikiwa bado na la kusema. Hapo ndipo unapoona tofauti na chai yetu nyingi ya Kericho, Kenya, ambayo husagwa chembechembe ili itoe nguvu zake zote kwa mkupuo mmoja ndani ya sufuria ya maziwa.

Tofauti iko kwenye utengenezaji, maana mmea ni ndugu. Chai ya Yunnan na sehemu kubwa ya chai ya Kenya ni za aina moja ya majani makubwa, assamica. Hata chai ya majani ya zambarau tunayo sote: Menghai, huko Yunnan, wana mche wa Zijuan, Kenya ikatoa mche wa TRFK 306 mwaka 2011.

Je, wajua Nairobi na Kunming, mji mkuu wa Yunnan, zinakaribiana kwa kimo? Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari na Kunming karibu 1,900, kwa hiyo kote maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi. Ukiionja chai ileile Dar es Salaam, maji yanachemka kwenye 100, na uchungu utatoka haraka zaidi. Punguza sekunde kabla hujaisema vibaya.

Je, wajua namba 7542 kwenye karatasi ya mkate haisemi mwaka chai ilipotengenezwa? 75 ni mwaka 1975, mchanganyiko huo ulipobuniwa. 4 ni daraja la jani. 2 ni kiwanda cha Menghai. Mkate wa juzi unaweza kubeba namba hiyohiyo.

Huko Yunnan, kijiji cha Lao Banzhang kinajulikana kwa uchungu mzito unaogeuka utamu upesi, na eneo la Yiwu kwa ulaini wenye harufu ya asali. Mlima wa Jingmai, ambako watu wa makabila ya Wablang na Wadai wanatunza michai mikongwe chini ya kivuli cha msitu, uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2023. Sifa kama hizo hupandisha bei, na wauzaji wa "miti ya kale" ni wengi kuliko miti yenyewe. Hakuna alama kwenye jani kavu inayothibitisha umri wa mti. Mwaka 2007 bei zilizokuwa zimepaa kwa ulanguzi zilianguka, na waliokuwa wamejaza maghala kwa mkopo wakabaki na mikate tu.

Usiionje ukiwa na njaa. Chai changa ya aina hii hulewesha tumbo tupu: kizunguzungu, mikono kutetemeka. Kula kwanza, ila usile kitu kitamu, maana utashindwa kujua utamu wa kooni ni wa chai au wa tende.

Majani yakishachoka, yamwage kwenye sahani uyatazame. Jani zima, laini, linalonyooka ukilivuta, limetunzwa. Kingo nyekundu zinasema lilibanwa kwenye gunia likaanza kubadilika kabla ya kufika karaini.

Na ukinunua mkate wa kuweka, kumbuka joto na unyevu huharakisha mabadiliko. Ndiyo maana chai iliyotunzwa Hong Kong hukomaa mapema kuliko ya Kunming iliyo kavu. Mombasa au Unguja nako itakwenda mbio, na ukungu nao uko karibu, kwa hiyo ikague kila mwezi. Jani la chai hunywa harufu ya jirani yake. Usiliweke kabati moja na karafuu.