Nilivyoisaka Santuri ya Nyanya

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa na chumba kimoja ambacho sisi watoto hatukuthubutu kukiingia ila kwa hodi. Kilikuwa chumba cha nyanya, mzaa mama. Ndani mlikuwa na kitanda cha samadari, sanduku la njumu, na juu ya meza ya pembeni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kinanda cha santuri cha kutia ufunguo kwa mkono. Nyanya alizaliwa Unguja, akaolewa Mombasa, na kinanda kile ndicho alichokuja nacho pamoja na nguo zake na sahani kumi au kumi na mbili za santuri.

Hakupiga santuri usiku wa Ijumaa wala mwezi wa Ramadhani. Siku yake ilikuwa Jumamosi baada ya Asri. Majirani walikuja na majamvi yao wakakaa ukumbini, kahawa ikazunguka, na dada yangu ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuleta sahani moja moja kutoka chumbani. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Siti binti Saad, imbo la Kijiti. Nyanya alikuwa haachi kipindi, na ile picha ya mbwa aliyetega sikio kwenye pembe ya kinanda, alama ya kampuni ya HMV, ilimkera. Akaibandika karatasi upande mmoja wa sahani. Upande wa pili akauacha vivyo hivyo, na hadi leo sijui mbwa yule wa pili alipata vipi msamaha.

Mwaka 1979, nikiwa na umri wa miaka tisa, nilitoroka chuoni siku moja mwalimu alipokwenda mazikoni. Nyumbani hamkuwa na mtu. Niliingia chumba cha nyanya bila ya hodi, nikaitoa ile sahani ya Kijiti ili nione sauti imejificha wapi. Niliiinua kwenye mwangaza wa dirisha, nikaiona mifereji yake myembamba kama nywele. Kisha ikaniponyoka. Ilipiga sakafu ikawa vipande vitatu.

Nilifanya nini, msomaji? Nilivipanga vipande vile ndani ya bahasha yake ya kaki, nikairudisha katikati ya zile nyingine, nikarudi chuoni nikasoma kwa sauti kubwa kuliko watoto wote. Jumamosi dada akatumwa kuileta. Alipoivuta, vipande vikammwagikia mikononi, na mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wanne wakimtazama. Hakuna aliyeuliza. Mama alimpiga kwa mwiko. Nyanya hakumpiga, lakini alimwambia asikanyage tena chumbani mwake, na neno lake lilikuwa neno. Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akaitwa Mvunja Santuri, jina likamganda. Hata siku ya arusi yake wanawake walimtania nalo. Nyanya alifariki mwaka 1984. Mimi nilikuwepo siku zote hizo, na nilinyamaza.

Kwa wasiojua, na vijana wengi siku hizi hawajui, ni haki niseme Siti alikuwa nani. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, kadiri ya mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani kwenda kuviuza mjini, na sauti yake ya kunadi biashara ndiyo iliyomtangulia. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba na kupiga muziki. Wakati huo taarabu ilikuwa mambo ya jumba la Sultani, nayo ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliileta kwa Kiswahili, akaimba habari za watu wa Ng'ambo: hukumu za mahakama, wizi wa makarani, wanawake wanaopigwa. Ndipo watu wakamwita Siti, yaani bibi wa heshima, na lile jina la kwanza likazikwa.

Mwezi wa Machi 1928 yeye na wenziwe, akina Subeti Ambar, Mbaruku Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban, walipelekwa Bombay kutiwa sauti zao katika santuri. Hizo ndizo sahani zilizofungua soko la nyimbo za Kiswahili. Inatajwa kwamba kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa sahani 72,000, na kwa zama zile, ambapo kinanda kilikuwa mali ya mwenye nacho, hesabu hiyo si ndogo. Mkahawa mmoja ukiwa na kinanda, mtaa mzima umesikia. Shaaban Robert alimwandikia Siti kitabu kizima cha wasifu wake, na katika wanawake wa pwani hii wa zama zile ni wangapi waliopata heshima hiyo?

Lakini sahani zenyewe hazikuumbwa kudumu. Hazikuwa za plastiki kama zile zilizokuja baadaye. Zilitengenezwa kwa ulimbo wa wadudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe, ngumu kama jiwe na dhaifu kama kigae. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 hubeba kiasi cha dakika tatu tu, kwa hivyo mwimbaji alilazimika kulikata imbo au kuligawa pande mbili. Sindano ya chuma nayo hula mifereji kila inapopita. Sahani iliyopendwa sana ndiyo iliyokwisha upesi. Zilizosalia nzima mara nyingi ni zile zisizokuwa na wapenzi.

Nilianza kuisaka kwa dhati nilipofikia umri wa kuona kwamba dada anazeeka. Nilianzia kwenye maduka ya kanda. Mombasa ilikuwa na bahati ya maduka hayo: Assanand na santuri zao za Mzuri, na baadaye Mbwana Radio Service, waliotuhifadhia sauti za akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Lakini kila nilipotaja Kijiti, wauzaji wa kanda walinipa ya Bi Kidude. Sina neno na Bi Kidude, Mungu amrehemu. Alifariki Aprili 2013 na nyimbo za Siti alizibeba miaka na miaka baada ya mwenyewe kuondoka duniani mwaka 1950. Ila mimi sikuwa nikitafuta imbo. Nilikuwa nikitafuta ile sahani, na sauti ile ile iliyotoka chumbani mwa nyanya.

Nikavuka kwenda Unguja. Mzee mmoja wa Ng'ambo, aliyenipokea kwa kahawa na halua kama tuliojuana miaka, alinitolea sanduku zima la santuri kutoka uvunguni. Nilizipangua moja moja mkono ukinitetemeka. Nyingi zilikuwa za Misri, za Umm Kulthum na Abdel Wahab. Nyingine za filamu za Kihindi. Za Siti zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni hadi katikati, na nyingine karatasi yake ililiwa na mchwa hata haisomeki. Kinanda alikuwa nacho, lakini springi yake ilikatika tangu zamani. Tuliketi sote wawili tukiitazama sahani isiyo na jina, tusijue imebeba nini. Akaniambia, "Mwanangu, hii ni kama barua ya maiti iliyofungwa." Hakukubali kuiuza, na mimi sikumlaumu.

Aliyenionyesha njia ni mpwa wangu aliyeko London, naye ni mtoto wa huyo huyo dada, ingawa hakujua ninamtafutia mamake. Aliniletea habari ya diski iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Topic kwa ushirikiano na maktaba kuu ya Uingereza, iliyokusanya nyimbo za Kiswahili za tangu miaka ya 1920 hadi 1950 kutoka katika santuri za zamani. Mhariri wake ni Janet Topp Fargion, aliyeisomea taarabu ya Unguja kwa miaka mingi. Nilipata kidogo uchungu, sikatai. Sauti ya mwanamke wa Fumba, na aliyeitunza yuko ng'ambo ya bahari! Lakini uchungu wangu haukuwa na miguu: sahani iliyokuwa kwetu niliivunja mwenyewe.

Kupitia kwa watu wa fani hiyo nilielekezwa kwa Mzungu mmoja mstaafu anayekusanya santuri za Afrika Mashariki. Nilimwandikia barua ndefu. Jibu lilikaa miezi minne, nikakata tamaa. Kisha siku moja, natoka msikitini baada ya Adhuhuri, simu ikalia: ameniletea Kijiti, bila ya malipo. Alitaka jambo moja tu, nimfasirie maneno, kwa sababu sahani yake imechakaa na Kiswahili chake hakifiki mbali.

Nilikaa nayo usiku mbili. Kwanza husikii ila mchakacho, kama mvua juu ya makuti. Halafu fidla na udi, halafu yeye, sauti imebanwa puani kidogo, haina haraka. Mimi ni mtu wa mashairi, nimezoea kuhesabu mizani, lakini nilirudia mstari mmoja mara ishirini nikishindwa kujua neno ni lipi. Ninyi mliosoma chuoni mnajua: huwezi kulifasiri neno ambalo hujalitamka sawasawa.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo utotoni sikulielewa. Sisi tulijua imbo lile ni la Kijiti muuaji, basi. Na kweli ni kisa kilichotokea Unguja: Kijiti alimchukua mwanamke mgeni, mwenye mimba, wakaenda kustarehe, akamuua, akatorokea bara. Lakini imbo halikomei hapo. Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani, ameeleza katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001 kwamba wanawake waliokuwa wamefuatana nao, waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, ndio waliotiwa hatiani kwa sababu ya ule ulevi walionunua. Mwenye kosa ameshavuka bahari. Waliosimama mbele ya hakimu ndio waliofungwa. Hilo ndilo lililomfanya Siti aimbe.

Niliiandika fasiri ile, nikampelekea Mzungu wangu, akashukuru. Nami nikabaki nimeshika kalamu, mate yamenikauka.

Nilikwenda kwa dada Jumamosi, baada ya Asri. Nilimpigia hodi, akanikaribisha, akanitilia chai na mahamri. Sasa amepita sitini, ana wajukuu sita, na goti lake la kushoto linamsumbua. Niliweka simu mezani nikaifungulia. Aliitambua kabla Siti hajafungua kinywa, kwa ule mlio wa kwanza wa fidla. Akavuta ncha ya leso akaifunika midomo. Lilipokwisha akaniambia nilirudie, na mara hii akaimba nalo. Pahali pawili aliimba maneno tofauti na ya Siti. Ni maneno ya nyanya, alivyokuwa akiyaimba mwenyewe jikoni baada ya sahani kuvunjika. Dada alikatazwa chumba, lakini jikoni hakukatazwa.

Ndipo nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia ni mimi, siku ile mwalimu alipokwenda mazikoni.

Nilidhani atacheka. Watu wengi niliowahadithia kisa hiki tangu siku hiyo husema, "Ah, mambo ya utotoni hayo." Dada hakucheka. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Nyanya amekufa akijua ni mimi. Sasa wewe utakwenda kumwambia nani?" Nikasema nitamwambia kila aliye hai. Akasema, "Nenda kwako, mdogo wangu. Leo sitaki kukuona."

Nikaenda. Siku tatu sikupata hata salamu. Siku ya nne akanitumia mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka kumi na mitatu, na ujumbe wa mambo mawili. La kwanza, nilitie lile imbo la Kijiti katika simu yake, kwa kuwa nyanyake hajui kutumia hizi za kisasa. La pili, kama ni kweli naandika magazetini, basi niandike. Nisiandike kwamba santuri ilivunjika. Niandike nani aliivunja.

Nimeandika.