Wayaringi ya Injini Mpya Ndani ya Land Rover ya Zamani

Land Rover Series III, iliyoanza kutengenezwa 1971, ina nyaya chache na fyuzi za kuhesabika. Injini ya dizeli ya Toyota 1KZ-TE inayowekwa humo huongozwa na kompyuta inayosoma sensa kadhaa. Kwa hiyo injini hiyo hununuliwa pamoja na kompyuta na wayaringi yake nzima, isiyokatwa.

Kompyuta huhitaji umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, umeme wa swichi usiokatika stata inapozunguka, na ethi safi. Nyaya chakavu hupunguza volti, na injini hugoma kuwaka.

Geji za zamani hazisomi sawasawa sensa mpya, hivyo sensa za awali za geji hizo hubakizwa. Mwishoni kila waya hupimwa kwa mita na kupitishwa mbali na ekzosi, na nyaya zinazoleta umeme kutoka kwenye betri huwekewa fyuzi.