Hasara ni Shilingi Ngapi?

Mwaka jana kirikuu iliparamia banda la mama mdogo kule Mbagala. Hakuumia mtu, ila friji iliharibika kabisa, chupa za soda zikapasuka, na biashara ikalala siku sita. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa dereva aliuliza: "Mama, hasara ni shilingi ngapi?" Mama mdogo akajibu, "Nyingi, baba." Tukaambiwa turudi kesho na hesabu.

Mimi nasomea ualimu, si sheria. Usiku ule nilipiga simu kwa wenzangu wa sheria na uhasibu, tukakaa na kalamu.

Friji ilinunuliwa 600,000 na ilishatumika miaka mitatu. Tukisema ingedumu miaka mitano, kila mwaka inachakaa 120,000. Thamani iliyobaki ni 240,000. Huwezi kudai friji mpya kwa iliyochakaa.

Soda zilizomwagika tulihesabu kwa bei aliyonunulia: 70,000.

Zikabaki zile siku sita. Mama mdogo alitaka 480,000, maana anauza 80,000 kwa siku. Lakini hayo ni mauzo. Mzigo ambao hakuununua haukumgharimu kitu. Alichopoteza ni faida, kama 15,000 kwa siku, yaani 90,000. Jumla yote: 400,000.

Mahakamani nako ni hivyohivyo. Hasara inayohesabika, kama matengenezo au faida iliyopotea, huitwa hasara mahususi. Katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema hasara ya aina hii ni lazima itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Maumivu na usumbufu havina risiti, kwa hiyo huingia kwenye fidia ya jumla, ambayo jaji huikadiria kwa busara yake.

Hata serikali ikitwaa ardhi yako, Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataka faida halisi ya mwezi izidishwe mara 36, na inapobidi uoneshe hesabu zilizokaguliwa. Mwenye duka anayepata faida ya 390,000 kwa mwezi anazungumzia zaidi ya milioni 14. Bila kumbukumbu, atazidai kwa mdomo tu?

Kesho yake dereva alikubali friji na soda, kwa sababu risiti tulikuwa nazo. Kwenye zile 90,000 akauliza, "Daftari liko wapi?" Halikuwepo. Akalipa 310,000, na 90,000 ikapotea, ingawa hakuna aliyesema mama mdogo anadanganya.

Sasa kila jioni kabla ya kufunga anaandika: manunuzi, mauzo, kilichobaki. Nawe unayeuza chapati au vocha hosteli, anza leo. Siku ya hasara huwezi kuandika ya jana.