Shetani na Daktari wa Akili: Taharuki katika Filamu ya The Exorcist

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, umewahi kujiuliza kwa nini hadithi ya shetani humkosesha mtu usingizi hata kama haamini mashetani? Wanafunzi wengi hujibu kwamba ni kwa sababu shetani anatisha. Jibu hilo halitoshi. Makala haya yanadai kwamba anayejenga taharuki katika hadithi ya aina hii si shetani, bali ni mhusika anayeshuku. Tutatumia filamu ya The Exorcist kama mfano. Filamu hii si kitabu teule, lakini mbinu zake ni zile zile tunazotahiniwa.

Muhtasari

Filamu hii ilitolewa mwaka wa 1973. Iliongozwa na William Friedkin kutokana na riwaya ya William Peter Blatty ya mwaka wa 1971. Blatty mwenyewe aliandika mswada wa filamu na kutuzwa Oscar kwa kazi hiyo. Mandhari yake makuu ni mtaa wa Georgetown jijini Washington, Marekani. Regan, msichana wa miaka 12, anabadilika ghafla: anatukana, anarushwarushwa kitandani na kusema kwa sauti isiyo yake. Mamaye, Chris, ambaye ni mwigizaji, anampeleka kwa madaktari. Hatimaye anamwendea padre Damien Karras.

Mhusika Karras

Karras ni padre Mjesuiti na pia daktari wa magonjwa ya akili. Tazama jinsi mwandishi alivyoziweka pande mbili za mgogoro ndani ya mtu mmoja. Kanzu yake inasema pepo wapo; elimu yake inasema huu ni ugonjwa. Isitoshe, imani yake imefifia, na mama yake mzee amefariki akiwa peke yake. Majuto hayo ndiyo kidonda ambacho shetani atakitonesha baadaye. Kwa hivyo mgogoro wa filamu ni wa nje na wa ndani kwa wakati mmoja.

Kinaya

Kinaya cha kwanza ni cha hali. Madaktari wanampima Regan ubongo, wanampiga picha za eksirei na kumfanyia vipimo vya kuumiza, wasione kitu. Mwishowe wao ndio wanaopendekeza apungwe pepo, wakitumaini kwamba mgonjwa anayeamini ana pepo ataamini pia kwamba limetoka. Chris anapofika kwa padre, padre naye anamshauri amrudishe mtoto kwa madaktari! Mama anasukumwa huku na huku mithili ya mpira.

Cha pili ni kinaya cha kidrama. Karras anamnyunyizia Regan maji akidai ni ya baraka. Regan anajinyonganyonga na kulia kwamba yanamchoma. Kumbe ni maji ya mfereji tu! Kwa Karras, huo ni ushahidi kwamba mtoto ni mgonjwa. Lakini mtazamaji ameshaona kitanda kikitikisika na samani zikisogea zenyewe kabla Karras hajaingia katika nyumba hiyo. Tunajua asilolijua. Hapa ndipo taharuki inapozaliwa: hatuulizi tena kama shetani yupo, bali tunauliza mtu huyu mwangalifu atasadiki lini, na je, atakuwa amechelewa?

Hatima

Karras anaomba idhini, na padre mzee, Merrin, anatumwa kuongoza ibada. Merrin anafariki katikati ya kazi. Karras anamtaka pepo amwingie yeye badala ya mtoto. Anapoingiwa, anajirusha dirishani na kufa chini ya ngazi za mawe. Je, ameshinda au ameshindwa? Mtahiniwa, usikimbilie jibu moja. Taja pande zote mbili, kisha uchague kwa ushahidi.

Funzo kwetu

Miaka michache iliyopita, msichana wa Kidato cha Tatu alianguka nikiwa darasani. Wenzake walipiga mayowe kwamba ana mapepo. Tulimwombea, tukampumzisha, na nikarejea kwenye somo langu. Alianguka mara mbili zaidi kabla ya kupelekwa hospitalini, ambako daktari alitambua kwamba ana kifafa. Alipewa dawa na akaufanya mtihani wake. Sijasahau kwamba mimi ninayefundisha kupima ushahidi sikuupima siku ile. Chris, hata katika hadithi ya shetani, alianzia hospitalini. Sala haikatazwi, lakini haizuii safari ya kwenda kwa daktari.

Swali la mazoezi

"Mhusika anayeshuku ndiye nguzo ya taharuki." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya au tamthilia uliyoisoma. (alama 20)

Mwongozo: Mtambue mhusika anayeshuku na anachokishuku. Onyesha anachokijua msomaji asichokijua mhusika. Eleza ushahidi unaomvuta pande mbili. Malizia kwa uamuzi wake na gharama yake. Kila hoja iandamane na tukio mahususi; hoja isiyo na mfano haitetei kauli. Taharuki haitajwi tu, huonyeshwa.