Mita 12 zikigeuzwa moja: Nani analipia stima ya stoli yako?

Ukipita Luthuli Avenue ama Moi Avenue jijini Nairobi, utaona jinsi duka moja la zamani lilivyokatwakatwa likazaa stoli kadhaa. Hapa kuna fundi wa simu, pale kinyozi, mbele kidogo dada wa kucha na jamaa wa nguo za mitumba zilizochaguliwa. Vijana wengi wameanzia hustle zao humo. Kodi wanaijua hadi senti ya mwisho. Stima ndiyo hawaiulizi sana, mpaka siku keateka anapopita akisema mita zote zinaondolewa na jengo linawekewa moja kubwa.

Si ati landilodi ana nia mbaya kila mara. Akaunti 12 kwenye jengo moja ni kichwa kuuma, hasa ikiwa nusu yake zina majina ya wapangaji waliohama kitambo. Pengine anataka laini ya fezi tatu, ile ya volti 415, ili aweke lifti au mashine kubwa. Kuunganisha mita ni jambo halali kabisa, mradi Kenya Power wahusishwe tangu mwanzo.

Balaa huanzia kwenye kale kaneno ka “kuruka mita.”

Hebu fikiria njia ya stima. Waya unatoka kwenye mlingoti, unaingia kwenye fyuzi kuu, unapita ndani ya mita, kisha unaenda kwenye stoli yako. Mita ikistaafu, lazima pengo lile lizibwe kwa namna fulani. Njia safi ni hii: Kenya Power wanazima laini ya zamani, wanaichukua mita yao (ndiyo, ni yao, hata kama umeilinda miaka mitano), halafu fundi mwenye leseni anavuta kebo mpya kutoka kwa bodi kuu ya jengo hadi stoli yako. Kebo ya zamani ikiwa bado nzima na inatosha mzigo, anaweza kuiunga ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri na kuandikwa kinalisha wapi.

Njia ya mkato ni fundi kuja usiku, kukata lakiri ya mita na kuunga waya unaoingia na unaotoka kwa kipande cha shaba. Mita inabaki ukutani kama pambo. Kama laini ya zamani bado ina moto, basi kuanzia dakika hiyo stoli yako inakula stima ya bure. Utaambiwa ni ya wikendi tu, tunangoja mita kubwa iletwe. Wikendi hizo huwa na tabia ya kurefuka.

Sheria ya Kawi ya 2019 inahesabu kuvuruga mita kuwa kosa la jinai, na haijali sana kwamba ulikuwa unangoja. Isitoshe, mita ya tokeni ikikaa miezi bila kununuliwa hata uniti moja, ukimya huo unaonekana kwenye mfumo wa kampuni. Wakaguzi wakija, akaunti iliyo kwa jina lako ndiyo wanayoanza nayo. Landilodi huenda hata hayupo mjini siku hiyo.

Tuache polisi kidogo, tuongee moto. Laini ya kawaida ya fezi moja hulindwa na fyuzi ya ampea 60 hivi. Kwa volti 240, hiyo ni kama kilowati 14.4 kwa wakati mmoja. Sasa weka stoli 12, kila moja ikitumia kilowati 1.5, yaani kama drayaya ya saluni hivi. Jumla ni kilowati 18, sawa na ampea 75. Fyuzi inaweza kulipuka, kama inavyopaswa. Fundi wa haraka ataibadilisha kwa waya mnene, na hapo ulinzi umekwisha. Joto kwenye waya halipandi sambamba na mkondo, linapanda kwa mraba wake: ampea 75 badala ya 60 ni joto zaidi ya mara moja na nusu. Plastiki ya waya iliyofichwa nyuma ya mbao za stoli inaivishwa polepole, na jengo lenyewe limejaa nguo na maboksi.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwenye fezi tatu, stoli zinagawanywa makundi matatu, yote yakirudisha stima kupitia waya mmoja wa nyutro. Nyutro hiyo ikilegea wakati wa kuunga-unga, stoli zenye mzigo mdogo zinaweza kupata volti zinazokaribia 415 badala ya 240. Simu za wateja 10 zilizokuwa kwenye chaja zako zinaungua kwa mpigo. Nani atawalipa?

Halafu pesa. Bei ya stima kwa biashara ndogo imepangwa kwa ngazi, na anayetumia kidogo, hadi uniti 30 kwa mwezi, hupata bei ya chini zaidi. Mwenye stoli ya vipodozi anayewasha taa mbili na kuchaji simu angeweza kukaa humo. Stoli zote zikihesabiwa kwa mita moja, ngazi hiyo inapotea kwake. Jengo likipita uniti 15,000 kwa mwezi linahamia kundi la wateja wakubwa, ambako pia kuna malipo ya kilele cha mzigo, kwa kila KVA, juu ya uniti zenyewe.

Na baya zaidi kwa maoni yangu: bili sasa ni ya landilodi. Wewe unaweza kulipa kila mwezi kwa M-Pesa bila kukosa, lakini yeye asipopeleka hizo pesa, stoli zote zinazimika, yako ikiwemo. Kenya Power hawana mkataba na wewe tena.

Kwa hivyo notisi ikija, usitie sahihi tu. Uliza kama ombi limepelekwa Kenya Power na uonyeshwe. Uliza jina la fundi na uangalie kama ana leseni ya EPRA, mamlaka inayowasajili. Dai mita yako ndogo ya kuhesabu matumizi yako, na bei ya uniti iandikwe kwenye mkataba wa kodi, pamoja na nani atabeba uniti za korido na pampu ya maji. Mkiwa stoli 12 mkienda pamoja, landilodi anasikiliza haraka kuliko ukienda peke yako.

Siku mita yako inang’olewa, piga picha ya namba yake na ya kioo kinachoonyesha uniti zilizobaki, na uhakikishe akaunti imefungwa rasmi kwa jina lako. Kama ilikuwa mita ya bili ya mwezi na uliweka amana, idai ukitoka.