Unafanyiwa upasuaji wa mkono? Zijue ganzi nne kabla ya kuchomwa

Ukiambiwa utafanyiwa upasuaji wa mkono, huenda hofu yako ya kwanza ni nusukaputi. Lakini upasuaji mwingi wa mkono unaweza kufanyika ukiwa macho, mkono pekee ukiwa umekufa ganzi.

Hisia na nguvu za mkono hutoka shingoni, kupitia mizizi mitano ya mishipa ya fahamu. Mizizi hiyo huungana na kugawanyika, ikapita nyuma ya mtulinga na kushuka kwapani hadi vidoleni. Dawa ya ganzi ikiwekwa kuizunguka, maumivu hayafiki kwenye ubongo.

Zamani daktari wa usingizi aliitafuta mishipa hiyo kwa kupapasa na kukadiria. Mwaka 1994 madaktari wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya kuchoma ganzi hiyo kwa kuongozwa na ultrasaundi, kipimo kilekile wanachopimwa wajawazito. Leo daktari huona kwenye skrini mishipa ya fahamu, mishipa ya damu, pafu na sindano yenyewe. Dawa inayohitajika hupungua, na hatari ya kutoboa mshipa wa damu pia hupungua, ingawa haiishi kabisa.

Wapi utachomwa?

Shingoni. Hii ndiyo ganzi ya bega. Kwa kiganja haifai sana, kwa kuwa upande wa kidole kidogo mara nyingi hubaki na hisia. Tatizo lake ni kwamba dawa hufika kwa urahisi kwenye mshipa unaoendesha kiwambo, msuli mkuu wa kupumua, na nusu ya kiwambo ikalegea kwa saa kadhaa. Mwenye mapafu mazima huenda asihisi kitu. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kubanwa pumzi vibaya. Kope kulegea na sauti kukwaruza hutokea pia, lakini hupita.

Juu ya mtulinga. Hapa mishipa imekaa pamoja, hivyo karibu mkono wote hufa ganzi kwa haraka. Pafu liko jirani, na likitobolewa hewa huvuja kifuani. Kiwambo nacho kinaweza kuguswa.

Chini ya mtulinga. Hufaa kwa kiwiko, kigasha na kiganja. Huhitaji kuinua mkono, jambo linalomsaidia aliyevunjika. Lakini mishipa iko ndani zaidi, na damu ikivuja huko si rahisi kuikandamiza.

Kwapani. Hufaa kwa kigasha na kiganja. Iko mbali na pafu, kwa hiyo ni chaguo zuri kwa mwenye matatizo ya kupumua. Ni lazima uinue mkono, na dawa huwekwa kwenye mishipa kadhaa, mmoja baada ya mwingine.

Mzazi, zingatia haya

Watoto wengi hulazwa usingizi kwanza, kisha ganzi huchomwa ili wakiamka wasiumie. Kipimo cha dawa hufuata uzito, hivyo hakikisha mwanao amepimwa. Kama ameanguka na kuvunjika juu kidogo ya kiwiko, usishangae daktari akikataa kumchoma ganzi. Mfupa wa hapo ukivunjika unaweza kuumiza mishipa ya fahamu, na madaktari huhitaji kuona kama vidole vina hisia na nguvu kabla na baada ya upasuaji.

Kabla ya sindano, mweleze daktari kama una pumu au ugonjwa wa mapafu, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una mzio, au mkono ulikuwa tayari na ganzi au udhaifu. Fuata maelekezo ya kutokula, kwani nusukaputi inaweza kuhitajika. Ukichomwa na kuhisi ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma au midomo kufa ganzi, sema papo hapo. Ni dalili kwamba dawa imeingia kwenye damu.

Ukirudi nyumbani

Ganzi huweza kudumu saa chache hadi karibu siku nzima, kutegemea dawa. Weka mkono kwenye kitambaa cha kuning'iniza, na uuepushe na jiko la mkaa na chai ya moto, kwa sababu utaungua bila kujua. Anza dawa za maumivu ulizoandikiwa kabla ganzi haijaisha. Ukisubiri, maumivu hurudi kwa kishindo, mara nyingi usiku wa manane.

Rudi hospitali mara moja ukibanwa pumzi, kifua kikiuma, vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, au maumivu ndani ya plasta yakizidi licha ya dawa. Na kama siku mbili zimepita mkono haujarudi katika hali yake, usikae nyumbani kusubiri. Madhara ya kudumu kwenye mishipa ya fahamu ni nadra, lakini yanatakiwa kuchunguzwa mapema.